Muhuri wa Nyumba ya Karasawa

"Ukiupata huo udiwani, Mwalimu, nani atamchemshia mama mkwe wako maji ya kuoga?"

Bi Tsuru aliuliza hivyo mwezi wa pili, theluji ikingali imelala mapaani, amesimama mlangoni na bakuli la tofu, jibini ya maharage, mkononi. Aliuliza akicheka. Mwalimu Hisae naye akacheka, maana jirani akicheka mlangoni kwako huwezi kumnunia. Lakini siku zilizofuata alijikuta akilijibu lile swali peke yake, njiani, bafuni, mbele ya jiko, kila mara kwa jibu jingine.

Si kwamba kabla ya hapo alikuwa mtu wa kutulia. Watoto wa mji wa Kurosaka walijua kwamba Mwalimu Karasawa Hisae hafundishi amekaa. Hutembea: ubaoni, dirishani, mlangoni, dirishani tena, chaki ikimvunjikia vidoleni. Alizaliwa katika nyumba ya wafuga viwavi wa hariri, wa nne kati ya wasichana watano, na alipokuwa na miaka kumi na mitano akashinda mtihani wa chuo cha ualimu. Alikwenda stesheni kwa miguu, furushi mgongoni, mama yake akimlilia kana kwamba anamzika. Akarudi mwalimu. Akaolewa na mwalimu mwenzake, Karasawa Shunji, akafundisha miaka ishirini na saba. Vita vilimchukua Shunji. Kilichorudi ni kasha jeupe la kutilia majivu ya marehemu, na ndani ya kasha jiwe dogo la mtoni, basi. Jiwe hilo sasa lilikaa katika kabati la kuwakumbukia marehemu wa nyumba, pamoja na picha yake, na kila asubuhi wali wa kwanza uliwekwa mbele yake kabla hajala mtu aliye hai. Ndani ya nyumba walibaki wanawake wawili: Hisae na mama mkwe wake, Bi Tome, mwenye miaka sabini na minne.

Kilichomfanya atake udiwani ni banda. Tangu vita viishe sheria ilitaka kila mtoto asome hadi mwaka wa tisa, na Kurosaka hapakuwa na jengo, basi watoto wakubwa wakawekwa katika banda kuukuu la viwavi. Mvua ikinyesha, ndoo kumi na moja zilipangwa kati ya madawati. Kipindi cha baridi wino uliganda. Miaka minane baraza la mji lilisema mwakani. Safari hii ilisemekana mwezi wa tano baraza litaamua moja kati ya mawili, shule au daraja jipya la kwenda kwenye kiwanda cha mbao. Hisae alikwenda kwa madiwani mara tatu, akapiga magoti ukumbini kwao, akakabidhi barua kwa mikono miwili. Mara zote tatu alipewa chai na kuambiwa, "Umefanya vizuri kuja, Mwalimu."

Mara ya tatu, akirudi nyumbani, aliona kwamba amechoka kuingia mle kama mgeni.

Kugombea kulikuwa na bei yake. Mwalimu wa serikali akigombea, ameacha kazi. Mwisho wa mwezi wa tatu, mwaka wa shule ulipofungwa, Hisae aliandika barua ya kujiuzulu, akafuta ubao wake mwenyewe, akatoka bila kugeuka nyuma. Sasa alikuwa hana darasa na hajawa diwani. Asubuhi aliamka saa ileile, akavaa, akasimama katikati ya chumba, hajui pa kuelekea.

Pale Kurosaka mtaa humtaja mtu wake kabla ya siku ya kura, na mitaa mingine hutazama. Mtu aliyekataliwa na majirani zake, nani mwingine atamtaka? Na sheria ilikwisha kataza mgombea kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo tegemeo lake lilikuwa mkutano wa mtaa wake, Mtaa wa Juu, Jumapili ya kwanza baada ya maua ya micheri kufunguka. Wanawake watatu walimwahidi kwamba watamtaja. Walimwahidi kisimani kwa sauti ndogo, wakitazama huku na huku.

Alhamisi kabla ya mkutano huo, Hisae alikuwa ametoka kuongea na wasichana wa kiwanda cha hariri. Alikuta Bi Tsuru anafagia mbele ya duka lake.

"Mwalimu," akasema Bi Tsuru, hakuacha kufagia, "nyie watu wa Karasawa mna moyo mkubwa. Mimi nisingeweza."

"Moyo wa nini tena?"

"Wa kumpigia muhuri Bwana Momose."

Hisae alisimama. "Kumpigia muhuri wapi?"

"Kwenye ubao wa zamu! Usiniambie hujui." Bi Tsuru akauegemea ufagio. "Juu ipo karatasi ya sumu ya panya, chini yake siku ya kuzibua mifereji, chini kabisa karatasi nyingine: Mtaa wa Juu kwa kauli moja unamtaja Bwana Momose Gonzo. Mimi ubao ulipofika kwangu nilikuwa na maharage motoni, nikasoma panya, nikapiga, nikapeleka. Wote tumefanya hivyohivyo. Baadaye ndipo mtu akafunua. Lakini nilipoona na wenu upo, mwekundu kabisa, nikajisemea, basi, Mwalimu amejitoa."

Ubao wa zamu ulikuwa ukizunguka Mtaa wa Juu tangu kabla ya Hisae kuolewa. Ni ubao mwembamba wenye karatasi zilizobanwa juu yake. Nyumba inasoma, inapiga muhuri wake katika kijisanduku chake, inapeleka nyumba ya pili. Hakuna aliyewahi kukataa kuupiga. Muhuri ulisema 'tumeona', lakini 'tumeona' na 'tumekubali' vilikaa karibu sana, na Bwana Momose, mwenye kiwanda cha mbao na mwenyekiti wa mtaa kwa miaka kumi na mmoja, alijua jinsi vilivyokaribiana.

Nyumbani Hisae alimkuta mama mkwe wake jikoni akimenya figili. Ganda lilishuka refu, jembamba, bila kukatika. Hisae alitundika koti. Akalitundua, akalitundika upande mwingine. Akachukua kitambaa akafuta meza iliyokuwa safi.

"Kaa chini," alisema Bi Tome. "Unanipeperushia majivu."

Hisae akakaa. "Mama, ubao wa zamu ulipita?"

"Jumanne. Ulikuwa kwa wasichana wako."

"Ulipiga muhuri?"

"Ubao ukifika unapigwa."

"Ile karatasi ya chini, mama. Labda hukuiona."

Bi Tome aliweka kisu. Muhuri wa nyumba, kipande cha mti kilicholainika kwa vidole vya watu waliokwisha kufa, ulikaa katika kijifuko ndani ya mshipi wake, usiku na mchana. Hisae alikumbuka siku ya pili ya ndoa yake, mama huyuhuyu akimwonyesha kile kijifuko. Siku nitakayokupa huu, alimwambia, nyumba itakuwa imetoka mikononi mwangu, na neno lako ndilo litakuwa neno la nyumba. Usije ukauomba. Miaka ishirini na miwili sasa, na hakuuomba.

"Niliiona," alisema Bi Tome. "Niliisoma mara mbili. Wewe unadhani wenye vyeti ndio wanaojua kusoma?"

"Basi kwa nini?"

"Shunji aliporudi ndani ya lile kasha, nani alilipokea stesheni? Wewe ulikuwa shule. Momose alilibeba hadi hapa kwa mikono miwili, mvua inampiga, hakukubali mtu ampokee. Mimi sisahau."

"Na mimi sisahau. Lakini lile banda..."

"Ngoja nimalize. Mimi nakaribia kuondoka. Siku hiyo nani ataninyanyua? Wewe peke yako na hotuba zako?"

"Mama, msaada wa moto na mazishi mtaa haumnyimi mtu."

"Hawatanyima. Watakuja. Lakini kuna kuja, na kuna kuja. Niliwaona walivyokuja kwa bibi wa Yoshizawa baada ya ule ugomvi wa maji ya shamba. Walibeba jeneza kama wanabeba magogo. Hakuna aliyekaa kunywa chai. Mimi nataka watu wakae, wanywe chai yangu, waseme nilikuwa na ulimi mkali, wacheke kidogo." Akachukua tena kisu. "Ndiyo ninayoyataka. Si mengi."

Hisae alitaka kuinuka akajizuia. "Nimeshaacha kazi, mama. Nikijitoa sasa, sina kitu."

"Najua umeacha. Nia yako ya udiwani ulimwambia mkuu wa shule. Ukawaambia wasichana wa kiwandani. Ukamwambia Tsuru." Ganda la figili likakatika. "Mimi nilisikia kwa Tsuru, siku ile ya maji ya kuoga, nimesimama nyuma ya mlango wa karatasi. Ndani ya nyumba hii, mimi ndiye niliyejua mwisho."

Ilikuwa kweli. Hisae alikuwa ameogopa kukatazwa, basi hakuuliza. Aliinama hadi paji likagusa mkeka. Bi Tome hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Alisema supu inachemka.

Siku mbili zilizofuata Hisae hakukaa. Alipanga upya kabati, alifua vilivyokuwa safi, alitembea hadi kwenye lile banda na kuhesabu ndoo kupitia dirishani. Jumamosi Bi Tsuru alileta tofu kama kila Jumamosi.

"Mbona jambo lenyewe rahisi," alisema kwa kunong'ona. "Kesho sema bibi hakusoma. Macho ya uzee, basi. Muhuri wenu ukitoka, ile kauli moja imevunjika, na sisi tutasema na sisi hatukusoma. Nani atamlaumu bibi kizee?"

Hisae alimtazama. Wakati wa vita ilikuja karatasi shuleni, kila shule itoe vijana wa kwenda kulima Manchuria, ng'ambo ya bahari, wa miaka kumi na minne, kumi na mitano. Mwalimu wa darasa aandike majina na kupiga muhuri. Hisae alipiga mihuri kumi na mmoja. Wanne walirudi. Tamotsu, mwana wa Bi Tsuru, hakurudi. Miaka kumi Bi Tsuru hakutamka neno juu ya hilo, na kila Jumamosi alileta tofu, na Hisae hakujua bado kama tofu ile ni msamaha au ni ukumbusho.

"Nitafikiri," alisema.

"Fikiri upesi. Wewe tatizo lako unafikiri huku unatembea, mawazo yanabaki nyuma."

Jumapili ukumbi wa mtaa, chumba kimoja cha mikeka kando ya hekalu, ulijaa mapema. Wenye nyumba walikaa mbele kwa mistari. Bi Tome alikaa miongoni mwa wanaume, kwa kuwa nyumba yake haikuwa na mwanamume. Wake na wakwe walikaa nyuma, karibu na mlango wa jiko, na mgombea alikuwa mmoja wao, birika mkononi, akimimina chai kama kila mwaka.

"Diwani!" aliita mzee mmoja akinyanyua kikombe. "Changu kimepoa!"

"Muache, ana mawazo ya serikali," mwenzake akadakia, na mstari mzima ukacheka. Hisae alimimina. Tone lilianguka mkekani, akalifuta kwa ukingo wa mkono wa kimono.

Bwana Momose alipiga magoti mbele ya wote, ubao umewekwa mbele yake kwa adabu, kitambaa cheupe chini yake. Alikuwa mtu mpole wa sauti, mwenye mikono mikubwa.

"Ndugu zangu, nimeaibika kupewa heshima hii," alisema. "Nyumba ishirini na mbili, mihuri ishirini na miwili. Hata nyumba ya Karasawa. Nilipouona muhuri ule machozi yalinitoka, maana najua Mwalimu wetu naye alikuwa na nia. Kwa hiyo kama hakuna mwenye neno..."

Hapakuwa na mwenye neno. Mara nyingi mikutano huishia hapo. Hisae aliwatazama wale wanawake watatu wa kisimani. Mmoja alikuwa anahesabu visigino vya watu. Bi Tsuru alimkazia macho: sema sasa.

"Nina neno mimi," alisema Hisae.

Vichwa viligeuka. Aliweka birika chini, akapiga magoti palepale nyuma, mlangoni mwa jiko.

Bwana Momose alimtangulia kwa upole. "Mwalimu, kama ni habari ya muhuri, hatutalikuza. Mama yetu ni mzee. Maandishi yalikuwa madogo. Ikiwa hakuyaona vizuri, sema tu, tutafuta, hakuna ubaya."

Njia ilikuwa wazi kabisa mbele yake. Kusema ndiyo kulitosha. Mihuri ingetoka mmoja mmoja, na angebaki mgombea wa Mtaa wa Juu, na banda lingepata mtu wa kulisemea. Mbele kule aliona kisogo cha mama mkwe wake, nywele nyeupe zimefungwa vizuri, shingo nyembamba imenyooka. Bi Tome hakugeuka. Alikuwa anangoja kusikia ataitwaje mbele ya watu.

"Mama aliisoma," alisema Hisae. "Mara mbili. Mama anasoma vizuri, anasoma sala za hekaluni ambazo mimi zinanishinda. Alijua anachokipiga, na alikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe ni nzuri. Muhuri ule ni wa nyumba yetu. Sitaufuta."

Bi Tsuru alifumba macho kama mtu aliyeona bakuli likianguka.

"Basi tumemaliza," alisema Bwana Momose, akainamisha kichwa.

"Bado sijamaliza, Mwenyekiti. Naomba radhi." Mikono ya Hisae ilikuwa inatafuta chaki, akaikunja magotini. "Nyie wote mnanijua. Mnajua mihuri niliyoipiga mimi. Kumi na mmoja. Hakuna aliyenishika mkono. Karatasi ilikuja, karatasi ikija inapigwa, nikapiga. Bi Tsuru yuko hapa. Vita vilipoisha nikawaagiza watoto wapake wino mweusi kwenye vitabu, juu ya maneno yaleyale niliyowakaririsha, na sikuwaambia kwa nini, kwa sababu na mimi sikuwa nimeambiwa. Tangu hapo nikikaa chini nasikia kama nimekalia kitu. Siwezi kuwalaumu waliopiga bila kusoma. Mimi ndiye niliyewafundisha."

Nje mtu aliburuta toroli la mbolea, likapita.

"Bwana Momose alimleta mume wangu nyumbani mvuani. Hilo nitaliinamia mpaka nife. Lakini daraja ni daraja, na banda ni banda. Mtaa umesema, nimesikia. Basi mniandike kama mtu asiye na mtaa. Kesho nitakwenda ofisi ya mji kujiandikisha peke yangu. Siku ya kura hakuna ubao wala muhuri. Mtu anaingia na penseli, anaandika jina moja, hakuna anayemtazama mkono. Ni hilo tu."

Akainama hadi chini. Mzee aliyeomba chai alikohoa. Mtu mmoja alisema, si kwa sauti ya juu, "Mke wa Shunji huyu, kweli kichwa chake kama jiwe," na mwingine akamjibu, "Jiwe ndilo walilomrudishia," kisha akajuta kusema. Hisae alibaki ameinama. Hakuthubutu kutazama upande wa Bi Tsuru. Alisikia mtu akipenga kamasi, hakujua ni nani.

Kisha ikasikika sauti ya magoti ya kizee yakikunjuka. Bi Tome alikuwa anainuka. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia, na mwenyewe hakutaka. Aliupita ule ubao uliokuwa juu ya kitambaa cheupe, akampita Bwana Momose na kumpa heshima yake, kichwa chini, kwa muda mrefu kama anavyostahili mtu aliyebeba kasha mvuani. Halafu akaja nyuma polepole kati ya mistari ya watu, hadi penye birika. Alitia vidole ndani ya mshipi, akatoa kijifuko, akakifungua uzi kwa meno. Muhuri ukaanguka kiganjani mwake. Aliuweka juu ya mkeka mbele ya Hisae, akaugeuza ili upande wa maandishi uelekee kwa mkwewe, kama anavyowekewa mgeni kikombe.

Hisae aliutazama. Ulikuwa mdogo kuliko alivyodhani. Wino mwekundu wa Jumanne ulikuwa umekaukia pembeni.

"Mama," alisema.

Lakini Bi Tome alikuwa amemgeukia Bi Tsuru, ambaye macho yake yalikuwa mekundu na mdomo wazi.

"Wewe uliuliza nani atachemsha maji ya kuoga," alimwambia. "Leo nachemsha mimi."

Akashuka kizingitini, akatafuta mitalawanda yake kati ya viatu vya watu wote, akaitia miguuni moja baada ya nyingine, akatoka bila kuongeza neno.